Wakimbizi wa gemu iliyofungwa: uchambuzi wa kisa cha kundi la Uru

Kwanza suala la majina

Kisa hiki, cha wachezaji wa gemu ya Uru waliohama pamoja kwenda dunia nyingine za onlaini baada ya gemu yao kufungwa, ni cha kweli. Kilianza mwishoni mwa 2003 na watu wa anthropolojia wamekiandika sana, kwa hiyo si siri. Majina ya gemu na makampuni nimeyaacha kwa sababu bila hayo hutaelewa kitu. Majina ya wachezaji nimeyaondoa yote, na nikisema yote namaanisha hata yale ya kwenye gemu, maana mtu aliyebeba jina moja la avata (ule mwili wa kuchorwa unaomwakilisha ndani ya gemu) miaka na miaka ana marafiki kwa jina hilo, ana sifa kwa jina hilo, kuna watu amewahi kugombana nao kwa jina hilo, sasa ukilianika umemuanika yeye. Wengi wanaoanza utafiti wa aina hii wanadhani wakificha jina la kwenye kitambulisho kazi imeisha. Haijaisha. Mtafiti mwenyewe, Celia Pearce, namtaja kwa sababu kazi yake ipo hadharani na ilichapishwa 2009, na yeye mwenyewe ni sehemu ya kisa kama utakavyoona.

Mazingira

Tuanze na gemu iliyoizaa Uru. Myst ilitoka 1993, kazi ya ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, na kampuni yao ya Cyan iliyo karibu na Spokane, jimbo la Washington kule Marekani. Kwa ambaye hakuicheza: hakuna bunduki, hakuna wa kukukimbiza, hakuna pointi. Unatembea peke yako kisiwani, kumehamwa, unafungua vitabu, unavuta nyenzo, unasikiliza sauti za mitambo, mpaka akili ikukae sawa ujue mlango unafunguliwaje. Iliuza nakala mamilioni. Na mashabiki wake kwa miaka 10 walicheza hivyohivyo, kila mtu kwao, au mke na mume wamebanana kwenye kompyuta moja na daftari la kuchorea ramani.

Novemba 2003 ikaja Uru, gemu mpya ya Cyan ya mfululizo wa Myst, kampuni ya Ubisoft ndo ikaisambaza. Hii ilikuwa na sehemu ya onlaini, na hapo ndo mambo yakabadilika, kwa sababu mara ya kwanza mchezaji wa Myst akawa na mwili wa kuonekana na akakutana na wengine. Kila mmoja alikuwa na kisiwa chake kidogo kinachoelea mawinguni, kinaitwa Relto, kibanda kimoja na rafu ya vitabu. Unagusa picha iliyoko ndani ya kitabu, unajikuta sehemu nyingine. Kulikuwa pia na mitaa, yaani viwanja vidogo chini ya ardhi, kila mtaa na watu wake, na katikati pana chemchemi ya kujengwa ambayo watu walikuwa wanakaa kuizunguka wakipiga stori kwa kuandika. Hadithi ya gemu ilisema chini ya jangwa la New Mexico kuna mji wa kabila la D'ni ambalo liliangamia, na wachezaji ni watu waliokuja kuufufua. Yaani gemu nzima ilikuwa inahusu jamii iliyopoteza kwao. Weka hilo akilini.

Kundi tunalolizungumzia lilikuwa mtaa mmoja mkubwa, ukiitwa The Gathering of Uru, kwa kifupi TGU. Mwanzilishi alikuwa mwanamke, na kundi lilikuwa na sheria chache lakini zinafuatwa: heshima, hakuna matusi, mgeni anapokewa. Wengi walikuwa na miaka arobaini na kitu au hamsini na kitu, wanawake na wanaume karibu nusu kwa nusu. Wengi pia hawakuwahi kucheza gemu ya onlaini maishani mwao. Baadhi walikuwa na ulemavu au magonjwa yanayowafungia ndani, na kwao kukimbia na kuruka kwa mwili wa avata halikuwa jambo dogo. Na kitu kimoja ambacho baadaye kiligeuka kuwa kila kitu: walikuwa na jukwaa lao la kuandikiana nje ya gemu, halikutegemea serva za kampuni, yaani zile kompyuta zinazoiendesha gemu.

Mlango unafungwa

Sehemu ya onlaini haikuwahi hata kuzinduliwa rasmi. Ilikuwa bado kwenye hatua ya majaribio, watu kama elfu 10 wameshapita humo, mwanzoni mwa Februari 2004 tangazo likatoka kwamba inasitishwa, wanaolipia ni wachache mno kuiendesha. Serva zilizimwa tarehe 9 Februari. Siku chache tu kati ya tangazo na kuzima.

Usiku wa mwisho watu wa TGU walikusanyika mtaani kwao wakaongea, wakakumbushana, wakaambiana wapi pa kutafutana. Saa ilipofika picha ziliganda, kikatokea kiboksi kinasema kuna hitilafu kwenye intaneti yako, na chini yake kitufe cha OK. Hakuna kwaheri, hakuna asante, kompyuta inakwambia tatizo ni laini yako. Mchezaji mmoja alisimulia baadaye kwamba alishindwa kukibonyeza kile kitufe kwa sababu kwake hakuna kitu kilichokuwa oke.

Watu wa nje walicheka, gemu tu hiyo. Lakini angalia walichokuwa wanaomboleza. Mafumbo ya Uru ungeweza kuendelea kuyacheza peke yako nyumbani kwenye diski, hayakupotea. Kilichopotea ni wale wengine. Na hapo ndo Pearce, ambaye alikuwa anatafuta kuelewa makundi ya wachezaji yanavyoundwa, akaona kwamba huwezi kupata mazingira bora ya kuuliza swali lake: ukiiondoa dunia ukawaacha watu, jamii inabaki au haibaki?

Kutafuta pa kwenda

Uamuzi wa kwanza wa kundi ulikuwa kwamba wanahama pamoja. Inasikika rahisi ila chaguo la kawaida lilikuwa kila mtu kushika njia yake. Wachache walitangulia kupeleleza dunia nyingine, wakarudi jukwaani na taarifa. Gemu nyingi za onlaini miaka ile zilikuwa za kupigana, upanga na majoka, na watu wa Myst hawakutaka kuua kitu. Ndo macho yakaenda kwenye There, dunia iliyofunguliwa Oktoba 2003, ya kutembeatembea, kuendesha vigari, kupiga soga, na mwanzilishi akaongoza kundi kubwa kuhamia huko. Wengine walikwenda Second Life, iliyofunguliwa Juni 2003. Hao tutawafikia.

There ilikuwa na sura ya katuni. Avata zote vijana, nyuso laini, macho makubwa, viuno vyembamba. Sasa mtu wa miaka 55 aliyezoea avata ya Uru, yenye sura ya binadamu wa kawaida na nguo za safari, anajikuta kwenye mwili wa mwanasesere, jua linawaka, ufukwe, muziki. Walilalamika sana mwanzoni. Lakini There ilikuwa na vitu ambavyo Uru haikuwa navyo, mavazi, vyombo vya usafiri, baadaye sauti, na mtu aliweza kubuni bidhaa zake akaipelekea kampuni ikaidhinishe halafu akauza kwa pesa za humo ndani. Polepole wakaanza kutengeneza. Fundi mmoja akajulikana kwa majengo na vyombo vyenye ladha ya Uru bila kuinakili, wenzake wakamsifia, akatengeneza zaidi, na wenyeji wa There ambao hawakuwahi hata kuiona Uru wakawa wananunua.

Hapo Pearce ana hoja ambayo naiona ndo moyo wa kazi yake yote. Tumezoea kusema kwamba onlaini mtu anajichagulia awe nani, anavaa sura anayotaka. Kwa watu hawa haikwenda hivyo. Yule fundi hakuingia There akiwa ameamua kuwa fundi. Kundi lilimwona, likamwambia anaweza, likamuagiza vitu, akawa. Mwingine akawa mpatanishi kwa njia hiyohiyo, mwingine mpiga stori. Utambulisho wao ulikuwa unajengwa na kundi kadiri wanavyochezeana, na ndo maana kulipoteza kundi kuliwauma kama kuipoteza nafsi.

Wenyeji wanalalamika

Mamia ya watu kuingia kwa mpigo kwenye dunia ambayo bado changa si mchezo. There ilikuwa inazidiwa pale avata nyingi zinapokusanyika sehemu moja, picha zinakwama, vigari vinaruka-ruka, na TGU kazi yao kubwa ilikuwa ni kukusanyika sehemu moja! Wenyeji wakaanza: hawa wamekuja kututeka, wanatuharibia, wanajitenga, wanaongea mambo yao ya Uru tu. Wengine wakawa wanawafuata kuwasumbua kwa makusudi. Kampuni ikawahamisha, wakahama tena, zaidi ya mara moja, mpaka mwisho wakatulia kwenye kisiwa chao wenyewe walichokipa jina la mhusika wa hadithi za Uru.

Wao walijiita wakimbizi. Mtu wa Kasulu anayeishi jirani na kambi ya Nyarugusu ana haki ya kukunja uso hapo, maana hakuna aliyevuka ziwa usiku na mtoto mgongoni kuingia There, na kompyuta ikizimwa walikuwa bado na nyumba zao, mabati yao na friji zao. Sikubaliani na ukubwa wa neno hilo. Ila mtiririko wa matukio unafanana kwa namna inayoshangaza: kule mgogoro wa mwenyeji na mgeni huanzia kwenye kuni, huku ulianzia kwenye nguvu ya serva, kitu cha kugawana ambacho hakitoshi, halafu ndo inafuata lugha ya "hawa watu wa ajabu". Na matokeo yake ni yaleyale. Kadiri walivyosakamwa ndivyo walivyozidi kujiita watu wa Uru. Kabla ya kufungwa walikuwa mashabiki wa gemu. Sasa wakawa kama kabila.

Mwanzilishi na wenzake waliamua kutojibu matusi kwa matusi, waliongea na kampuni, walifungua milango kwa wenyeji. Ilichukua muda lakini ililipa, baadaye watu wa Uru walikuwa miongoni mwa wabunifu na waandaaji wa shughuli wanaojulikana There, na wapo wenyeji waliojiunga TGU bila kuwahi kukanyaga Uru hata siku moja. Mtu wa Uru ambaye hajawahi kuiona Uru, hebu fikiria.

Halafu mwaka huohuo wa 2004 There yenyewe ikayumba kibiashara, uvumi ukazagaa kwamba na yenyewe inafungwa. Hofu ilikuwa kubwa kuliko mara ya kwanza. Wachache wakaanza kujenga mtaa wa akiba kwa programu ya Adobe inaitwa Atmosphere, mtaa wa Uru kabisa na chemchemi yake. Mwisho There haikufungwa wakati ule. Iliyofungiwa duka ni Atmosphere, Adobe waliisitisha Desemba 2004.

Wale wa Second Life

Hawa walikuwa kundi dogo zaidi na uamuzi wao ulikuwa tofauti kabisa. Second Life inakuacha ujenge chochote bila kuomba idhini, basi wakajenga Uru. Si kitu chenye ladha ya Uru, Uru yenyewe: mji, ngazi, rangi ya mawe, chemchemi, maandishi ya D'ni ukutani. (D'ni wana hesabu za msingi wa 25 badala ya 10 na kuna mashabiki wanaozisoma bila shida, kwa hiyo usidhani mtu angekosea namba asigundulike.) Walijenga kwa kukumbuka na kwa picha walizokuwa wamezihifadhi.

Kwa hiyo una makundi mawili kutoka mtaa mmoja wa asili. Moja limebeba tabia likaacha mahali, lingine limebeba mahali. Nani alikuwa sahihi? Mimi naegemea TGU wa There, lakini si kwa sababu ya uzuri wa walichotengeneza, wa Second Life walitengeneza kitu cha ajabu zaidi. Ni kwamba mji ukishakamilika, unafanya nini ndani yake? Kinachounganisha watu ni kazi ya kujenga, kazi ikiisha panabaki makumbusho, na kule There kulikuwa na sababu ya kurudi kesho, kuna mchezo, kuna kikao, kuna ugomvi wa kusuluhisha.

Mtafiti anaambiwa ukweli

Pearce aliwafuata kwa miezi 18, akiwa na avata yake inayoitwa Artemesia. Mwanzoni alifanya kama vitabu vya mbinu vinavyosema, anakaa pembeni, anatazama, anauliza, anapiga picha za skrini. Wakamwambia waziwazi kwamba yuko mbali mno. Kwa watu ambao kinachowaunganisha ni kucheza, mtu anayekuja kila siku halafu hachezi ni mtu wa ajabu, hata ukimpenda.

Akabadilika. Akaanza kucheza nao kwa dhati, na alivyoandika akawarudishia waliyoandikwa wayasome na kutoa maoni. Wapo wasomi watakaosema hapo amepoteza umbali wa kitaaluma. Sioni hivyo. Kwenye dunia ambayo kuwepo kwenyewe ni kucheza, anayetazama tu anaona miili inarukaruka na hajui kwa nini, kwamba huyu ameruka kwa sababu ya utani wa juzi, kwamba yule amesimama pembeni kwa sababu jana alimkwaza mtu. Umbali haukumsaidia kuona chochote zaidi.

Linganisha na Tom Boellstorff, mwanaanthropolojia aliyekuwa amefanya utafiti Indonesia kabla ya kuingia Second Life kati ya 2004 na 2007. Yeye alichagua dunia moja na kuisoma kwa masharti yake yenyewe, bila kuwafuata watu majumbani mwao kuthibitisha ni akina nani. Ni mbinu yenye nguvu, na ilijibu wale wanaosema maisha ya humo si maisha. Lakini kwa kisa chetu isingefaa. Ukiwa na ofisi yako Uru tarehe 9 Februari umebaki bila uwanja wa utafiti. Pearce alitumia wazo la mwanaanthropolojia George Marcus la kuwafuata watu sehemu mbalimbali badala ya kukaa kijiji kimoja, na huku "sehemu" zikawa Uru, There, Second Life na jukwaa la kuandikiana. Kila hatua ilionyesha kitu ambacho hatua iliyotangulia ilikificha. Bila There usingejua kwamba sura ya avata ya Uru ilikuwa na maana, kwa sababu pale Uru hakuna aliyekuwa anaizungumzia.

Uru inarudi

Agosti 2004 Cyan iliwaruhusu mashabiki kuendesha serva zao wenyewe. Februari 2007 Uru ya onlaini ikafufuliwa rasmi kupitia GameTap, huduma ya gemu za onlaini, na Aprili 2008 ikafungwa tena. Februari 2010 ikafunguliwa kwa mara nyingine, safari hii bure, inaendeshwa kwa michango ya wachezaji, na 2011 programu yake ikaachiwa wazi, yaani yeyote aweze kuisoma na kuibadilisha. There nayo ilifungwa Machi 2010 kisha ikafunguliwa upya 2012.

Kwa mtu aliyeshika wazo la ukimbizi kama lilivyo, angetegemea 2007 wote wafunge mizigo warudi kwao. Hawakufanya hivyo. Walikwenda Uru, wakafurahi, wakalia kidogo nadhani, halafu jioni wakarudi There kwenye kisiwa chao. Walikuwa na makwao mawili. Na Uru ilipofungwa 2008 hakukuwa na ule mtikisiko wa 2004, walikuwa na pa kulala.

Kilichowabeba na kilichowaangusha

Kilichowabeba zaidi kuliko kingine ni lile jukwaa la nje. Mwanzilishi bora duniani asingefanya kitu kama tarehe 10 Februari asubuhi hana njia ya kuwapata watu wake. Uongozi wake ulisaidia, sheria zilisaidia, na umri ulisaidia pia, hawa walikuwa watu wazima waliowahi kuendesha familia na kazi na vikao, walijua kuvumiliana. Nadhani kundi la vijana wa miaka 17 lingesambaratika wiki ya kwanza There, labda nawaonea.

Kilichofeli ni upande wa umiliki. Kila walipokwenda walikuwa wapangaji. Kisiwa chao There ni cha kampuni, nguo walizobuni zinahitaji idhini ya kampuni, na Second Life ardhi inalipiwa kila mwezi. Hata mtaa wa akiba ulijengwa kwenye programu ya mtu mwingine. Walijifunza kuhama, hawakujifunza kumiliki, mpaka zilipokuja serva za mashabiki. Na kumtegemea sana mtu mmoja mwanzilishi, hilo nalo lilikuwa hatari iliyosahaulika kwa sababu tu hakuondoka.

Upande wa utafiti kuna pengo moja kubwa ambalo mwanafunzi yeyote anapaswa kuligusa. Waliopita Uru walikuwa kama elfu 10. TGU walikuwa mia kadhaa. Tunawajua kwa undani waliohama pamoja, wakasakamwa pamoja, wakajenga, kwa sababu hao ndo waliokuwepo wa kuhojiwa. Yule aliyebonyeza OK usiku ule, akazima kompyuta, akaenda kulala na asirudi popote, hayumo. Huenda alikuwa na mtaa wake uliokuwa na mwanzilishi mzuri na sheria nzuri vilevile, ukafa kwa sababu tu hakuna aliyefungua jukwaa la nje. Huenda aliumia kuliko wote. Ukitaka kusema jamii za humo zinaweza kuishi baada ya dunia yao kufungwa, una ushahidi wa kundi lililoishi. Ya kwamba ni kawaida kuishi, kisa hiki hakiwezi kukuambia, na mbinu ya kuwafuata watu, pamoja na uzuri wake wote, haina namna ya kumfuata mtu ambaye hakwenda kokote.